Upenyo Nyuma ya Mashine

Wiki iliyopita niliwaacha pale wifi yangu alipoigonga muhuri ramani yangu kwa midomo. Ndiyo, aliibusu. Akaacha alama nyekundu katikati ya bwawa la mipira.

Kwa aliyeingia leo, sikiliza haraka haraka. Mimi ni mama wa mtoto mmoja. Nina stashahada ya uchoraji wa majengo, na nilikuwa nimekaa nyumbani miezi saba tangu ofisi yetu ifungwe. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ana ukumbi wa watoto kuchezea: mitelezo, nyavu za kupanda, bwawa la mipira, na meza za chai za wazazi. Alitaka aongeze kona ya mashine za michezo. Kazi ya kuipanga akanipa mimi, wakati watu wengine walikuwa hawanipi hata salamu.

Shukrani niliyomrudishia ndiyo hii ninayosimulia leo.

Sijisifu, lakini ramani ile ilikuwa nzuri. Mashine nane. Wifi alitaka kumi.

"Wifi, hapa si ghala," nilimwambia. "Mbele ya kila mashine ibaki mita moja na nusu. Mtoto anayecheza hurudi nyuma bila kuangalia. Mwenye kikombe cha juisi naye hupita bila kuangalia. Wakikutana?"

"Juisi inamwagika."

"Juu ya nini?"

"Haya, haya, nane! Mwanamke wewe ungekuwa askari wa jela."

Mashine za kelele, ile ya kupiga ngoma na ile ya mbio za magari, nilizipeleka mbali na watoto wanaotambaa. Ile ya kunyakua midoli niliiweka karibu na meza za chai, kwa sababu ndiyo inayowaliza watoto kuliko zote, na mtoto akilia awe karibu na mwenyewe. Kisha nikakaa kwenye kila kiti cha mzazi, kimoja baada ya kingine, nikitazama kama ninaona kila mashine. Palipojificha, nilisogeza.

Viti thelathini na viwili nilikaa. Kuchuchumaa, sikuchuchumaa hata mara moja.

Nyuma ya mashine niliacha upenyo wa sentimita arobaini. Lazima uwepo. Mashine hutoa joto kwa nyuma, na fundi anahitaji kuzifikia plagi. Kwenye ramani, mwisho wa upenyo ule umezibwa kwa ubao wa plaiwudi, skrubu kumi na mbili. Nilichora mwenyewe, na pembeni nikaandika mwenyewe: Ufungwe kabisa.

Aliyejenga alikuwa Fundi Taratibu. Hilo si jina lake, ni ugonjwa wake. Ukimwambia haraka, kwanza anakaa chini. Miaka ishirini na sita ya useremala, na hajawahi kukata ubao kabla hajauandika. Kila agizo huliandika kwa penseli nyuma ya ubao wenyewe, kwa herufi kubwa kubwa: siku gani, kipimo gani, nani kasema.

Nilimuuliza kwa nini asinunue daftari kama watu.

"Daftari hupotea, Mama Ramani," alisema. "Ubao unabaki kazini."

Mama Ramani ndilo jina alilonipa. Nililipenda, sikufichi.

Ijumaa mchana, siku moja kabla ya uzinduzi, mashine ya mbio za magari ikaanza visa. Inawaka, inazima. Plagi imelegea kwenye soketi. Tulifungua zile skrubu kumi na mbili, tukaisukuma plagi, tukafunga. Ikazima. Tukafungua tena. Mara ya tatu nilikuwa nimeshachoka hadi kwenye kucha.

"Usikaze tena," nilimwambia fundi. "Uusimamishe tu huo ubao hapo. Jumatatu mtu wa umeme akishabadilisha soketi, ndipo ukaze."

Fundi akakaa chini.

"Mama Ramani, watoto ni maji. Hawapigi hodi."

"Ubao umebana. Nani atajua?"

"Wewe umeandika ufungwe kabisa."

"Na sasa nasema usifungwe. Kesho saa nne asubuhi watoto mia moja wako mlangoni. Nikikufuata wewe na taratibu zako tutafungua ukumbi wakiwa wameshaoa."

"Mimi nakataa."

"Fundi, mwenye ramani ni nani? Mimi au wewe?"

Akanitazama. Akachomoa penseli sikioni.

"Ni wewe. Basi naandika."

"Andika hata barua ya posa."

Akaugeuza ubao, akaandika polepole, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha akausimamisha mahali pake. Upande wa rangi nje, upande wa maandishi ndani. Sikusoma. Nilikuwa nahesabu maputo.

Sasa niwajulishe watoto wawili, maana bila wao hakuna kisa.

Wa kwanza ni binti yangu, miaka saba. Tunamwita Sisimizi kwa sababu ni mdogo wa umbo na hakuna anaposhindwa kupenya. Tangu ajue kusoma, nyumbani hatupumui. Anasoma pakiti za sabuni, anasoma vibao vya njiani, anasoma karatasi iliyofungia vitunguu. Sheria ya kusoma ni yangu: soma kwa sauti, usiruke neno.

Wa pili ni binti wa wifi yangu, miaka minne, Malkia. Wifi alimsubiri miaka tisa. Ukitaka kumjua wifi yangu, usimtazame usoni. Mtazame Malkia anapokohoa.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Mashine zikapiga kelele, watoto wakapiga kelele zaidi, na wazazi wakanywa chai kwa utulivu, kila mmoja akimwona wake. Wifi akapanda juu ya kiti.

"Mnaona kona hii? Kaipanga wifi yangu! Kichwa hiki hapa, si cha kusukia nywele tu!"

Watu wakapiga makofi. Mume wangu akapiga mluzi. Miezi saba ya kukaa bure ikanitoka mabegani kama gunia.

Raha ile haikumaliza saa moja.

"Wifi, Malkia yuko nawe?" aliniuliza.

"Hayuko. Si alikuwa kwenye midoli?"

"Hayupo kwenye midoli."

Tukacheka kidogo. Mtoto hupotea dakika mbili, akaonekana na biskuti mdomoni. Dakika mbili zikawa tano. Wifi akaingia mzima mzima ndani ya bwawa la mipira, na gauni lake la sherehe, akichimbua kwa mikono miwili. Tukatazama vyooni. Tukatazama jikoni. Mama wa mlangoni akaapa hakuna mtoto aliyetoka bila mkubwa wake.

"Zimeni huo muziki!" wifi alipiga ukelele, lakini aliyejua swichi ilipo naye alikuwa anatafuta mtoto.

Mimi nilipita mbele ya ubao ule mara mbili. Umesimama. Umefunga. Nikaendelea mbele.

Sikujua kwamba Malkia alikuwa ameusukuma, akaingia, nao ukajirudi nyuma yake kama mlango.

Aliyempata ni Sisimizi. Watu wazima wote tulikuwa tumesimama, tunatazama juu ya vichwa. Yeye alichuchumaa, akaweka sikio sakafuni.

"Mama, Malkia analia nyuma ya mashine ya gari."

Kabla sijamshika, alishausogeza ubao, amejipenyeza, na ubao umejirudi tena.

Upenyo ule haumwingizi mtu mzima, na ubao ukisukumwa ungewagonga watoto. Wanaume walichukua robo saa kuziondoa mashine, kwa sababu kila moja ilikuwa imeshikwa ukutani kwa chuma. Hivyo vyuma niliviagiza mimi, mashine zisije zikamwangukia mtoto. Malkia alikuwa amejaribu kupanda juu ya nyaya, akateleza, mkono ukanasa kwenye chuma kimojawapo, naye akaanguka na uzito wake wote.

Robo saa ile yote, kutoka ndani, nilisikia sauti ya mwanangu ikinong'ona, neno kwa neno, inasita, inaendelea. Kilio cha Malkia kikapungua. Nikadhani anamwimbia.

Walipomtoa, mkono ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.

Wifi akampokea. Hakulia. Aligeuka akatutazama wote, na sauti aliyoitoa sijawahi kuisikia kwake. Ilikuwa ndogo.

"Nani aliacha hapa wazi?"

Fundi Taratibu alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, bisibisi mkononi. Alinitazama. Alisubiri tu, kama anavyosubiri kila kitu.

Nikafungua mdomo.

"Kwenye ramani," nikasema, "nimeandika ufungwe kabisa."

Kila neno pale lilikuwa la kweli. Ndio uongo mbaya kuliko wote niliowahi kusema.

"Toka," wifi alimwambia fundi.

"Mama, naomba nise..."

"Toka kabla sijasahau kwamba nimeshika mtoto!"

Akaokota sanduku lake la vyombo. Njia nzima hadi mlangoni wazazi walimpisha kama mtu mwenye ukoma.

Jumapili tulikuwa hospitali. Malkia alikuwa ametiwa vyuma kwenye mkono, na daktari alisema ngoja tuone vidole. Vikicheza, tumepona. Visipocheza, tutazungumza. Sijui ni nani aliyewafundisha madaktari neno lile, tutazungumza.

Wifi alinishika mkono kwenye benchi.

"Wifi, bila mwanao ningemzika wangu. Na wewe usijilaumu. Uliandika. Nimeiona ramani, umeandika."

Nikamrekebishia kanga begani.

"Na yule nimemmaliza," akaendelea. "Nimempigia mwalimu mkuu wa ile shule alikopata kazi ya madawati. Madawati mia mbili. Nimemwambia, ukimpa yule mtu kazi ya watoto, utanijibu. Ameshamwondoa. Na kila mwenye ukumbi ninayemjua nimemwambia. Nimefanya vibaya?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pangu. Mlango ulikuwa wazi kabisa, mtu hakuniwekea hata kizingiti.

"Hapana, wifi," nikasema. "Umefanya vizuri."

Nyumbani jioni ile mume wangu alikuwa anamenya chungwa.

"Fundi Taratibu asahau skrubu?" alisema. "Yule anayepima chumvi kwa rula?"

"Binadamu husahau."

"Hm."

Nimeishi na mwanamume huyu miaka kumi. Hm yake ni ndefu kuliko hotuba.

"Hm nini?"

"Hm tu. Kula chungwa."

Jumatatu asubuhi, mume kaenda kazini, mtoto kaenda shule, nikasikia hodi. Fundi Taratibu. Shati limepigwa pasi, kofia mkononi. Nikajiweka sawa kwa ugomvi. Nilikuwa na maneno tayari, makali, nimeyanoa tangu alfajiri.

"Sikuja kugombana," akasema. "Nimekuja kuuliza hali ya mtoto."

Maneno yangu yote yakakosa pa kukaa.

"Vidole viwili vinacheza. Vitatu bado."

"Mungu atasaidia." Hakutaka kuingia, hakutaka maji.

"Fundi," nikamuuliza, "kwa nini hukusema pale pale?"

"Niseme nini mbele ya mama aliyembeba mwanawe amevunjika? Nikisema mimi, ni fundi anajitetea. Ukisema wewe, yamekwisha. Nikaona nikupe nafasi."

"Na wamekunyang'anya madawati."

"Wamenyang'anya. Nilikuwa nimeshanunua mbao." Alisema kama anayetaja hali ya hewa. "Mke wangu anataka niende kwa wifi yako leo hii. Nimemwambia asubiri. Nimemwambia, yule mama ana mtoto, atasema."

"Na nisiposema?"

Akavaa kofia.

"Mimi ni wa taratibu, Mama Ramani. Lakini ubao unabaki kazini."

Alipokata kona ndipo kichwa changu, kile kisicho cha kusukia nywele tu, kilipoamka. Penseli sikioni. Ubao umegeuzwa. Upande wa maandishi ndani.

Sikumbuki kufunga mlango. Nakumbuka niko ukumbini, funguo alizonipa wifi zinagongana mkononi. Pamefungwa, maputo yamenywea, mashine bado zimetawanyika kama ng'ombe waliotoroka zizini. Ubao wenyewe walikuwa wameuegemeza ukutani, rangi nje.

Nikaugeuza.

IJUMAA. UBAO USIKAZWE. MAMA RAMANI KASEMA. NIMEMKATALIA. KASEMA RAMANI NI YAKE.

Herufi kubwa, safi, kila moja imekaa mahali pake. Hata mwandiko wake haukunitukana. Hakuongeza hata neno moja la chumvi.

Nikikwambia kwamba nilikwenda pale kuuchukua ubao nimpelekee wifi, nitakuwa nakudanganya na wewe. Nilikwenda moja kwa moja stoo, nikatafuta msasa.

Nilipiga magoti, nikasugua. Nilianza na jina langu. Nilijiambia, nitasema. Nitasema Malkia akipona. Nitasema vidole vikicheza. Nitasema kwa mdomo wangu, siku yangu, si kwa penseli ya mtu. Nikasugua MAMA, nikasugua RAMANI, nikasugua KASEMA. Penseli ilikuwa imeingia ndani ya mbao, ikabidi nikandamize kwa mikono miwili. Vumbi jeupe likanijaa hadi kwenye viwiko.

Nilipomaliza, ubao ulikuwa mweupe kama haujawahi kuona mtu.

Nikatembea hadi nyumbani nikiwa mwepesi. Mwepesi kabisa, nasema ukweli. Saa nane na nusu hivi. Nilikuwa nimeshapanga chakula cha jioni kichwani.

Mlangoni nikaona viatu vya wifi.

Nikasimama nje ya mlango. Kisha nikamsikia akicheka.

"Wifi! Ulikuwa wapi? Nimemchukua mwanao shuleni, nimekusubiri, nimekaribia kujipikia!" Akanirukia mwilini. "Vyote! Vidole vyote vitano! Asubuhi hii kavichezesha, kamfinya hata daktari!"

Tukashikana, tukalia pale sebuleni kama watu wawili wasio na akili. Nililia kweli. Sijui nililia yapi kati ya yote.

"Na amesema," wifi akaendelea, akijifuta kwa kanga. "Tangu Jumamosi hajatoa neno, leo kaongea. Unajua kasema nini? Kasema hakuogopa mle ndani, kwa sababu dada Sisimizi alimsomea hadithi."

"Hadithi?"

"Hadithi ya Mama Ramani! Anasema alimsomea tena na tena, mpaka kaishika kichwani nusu. Nikasema, hii nayo ni kali. Kitabu gani kile nyuma ya mashine? Na Mama Ramani, si ndilo jina alilokuwa anakuita yule mtu? Ndiyo maana nimekuja. Nataka niisikie mwenyewe."

Sisimizi alikuwa amekaa kwenye mkeka, sare ya shule bado mwilini, penseli mkononi.

"Haikuwa hadithi, shangazi," akasema. "Yeye ni mdogo, hajui. Ilikuwa imeandikwa kwenye ubao, kwa ndani. Taa za gari zikiwaka, unaona. Niliisoma yote, sikuruka neno."

"Imeandikwa nini, mama yangu?"

Wifi alikuwa bado anatabasamu, lakini tabasamu lilikuwa limeanza kusahau kazi yake. Macho yake yalishuka kutoka usoni kwangu hadi mikononi, kwenye lile vumbi jeupe, yakakaa hapo.

Mwanangu hakumtazama shangazi yake. Alinitazama mimi, kama anavyonitazama kila jioni akishafungua kitabu, akisubiri ruhusa.

"Mama," akauliza, "nisome kwa sauti?"